KOPE ILIYOSHUKA SI USINGIZI



Mwenzetu akishuka kope moja tunamcheka: "Huyu analala kazini!" Si vizuri. Kope ya juu huinuliwa na msuli mdogo unaoamriwa na mshipa wa fahamu kutoka ubongoni. Kimoja kikilegea, kope hufunika jicho hata mtu akiwa macho kabisa, naye haoni vema jiwe lililo juu yake.

Tumwulize: tangu lini?

Tangu kuzaliwa? Mama, mpeleke mtoto mapema kwa muganga wa macho. Kope ikifunika mboni, jicho halijifunzi kuona. Upasuaji huweza kuiinua.

Asubuhi iko juu, jioni yashuka? Huenda ni ugonjwa wa misuli, nao una dawa.

Imeshuka leo, na kichwa chauma sana? Hospitali mara moja! Vilevile aliyeumwa na nyoka: sumu ya swila, hata yule wa maji wa Ziwa Tanganyika, yaweza kuangusha kope zote mbili, kisha kukata pumzi. Msifunge kamba, msichanje wembe, mkimbizeni hospitali.

Kapita, kabla ya kumwandikia mtu kosa la usingizi, mtume kwanza dispansere.