Mtoto Mwerevu na Woga wa Kuanguka

Wakenya hutumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili: mwanafunzi huanguka mtihani, na mtoto huanguka kutoka kwenye baiskeli. Wengi hawasumbuliwi na jambo hilo. Lakini kwa yule ambaye tangu darasa la kwanza ameongoza wenzake, na ambaye jina lake hutajwa kila siku ya kufunga shule, anguko la pili huja na fedheha yote ya lile la kwanza, ambalo hajawahi kulionja.

Katika Taita Taveta woga huo una sababu za ziada. Voi ina uwanda. Wundanyi iko milimani, na barabara ya kuifikia kutoka Mwatate ina kona kali. Mtoto wa huko hulijua teremko kabla ya kuijua baiskeli. Tena baiskeli iliyopo nyumbani aghalabu ni ya mtu mzima, hivyo mwanagenzi hulazimika kupitisha mguu chini ya upau na kukanyaga pedali kiwiliwili kikiwa kimepinda. Mtoto mwerevu hulitazama hilo, hupiga hesabu, hukataa. Hesabu yake si ya kipumbavu hata kidogo.

Wazazi humjibu kwa sifa: "Una akili wewe, hili litakushindaje?" Kauli hiyo ndiyo imwumizayo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti uliofanywa Marekani, ulioonyesha kuwa watoto waliosifiwa akili walivunjika moyo upesi baada ya kushindwa kuliko waliosifiwa bidii.

Heri aelezwe chombo chenyewe. Baiskeli husimama kwa kuwa inakwenda. Ikiinamia kushoto, usukani hugeuzwa kushoto, si kulia. Kiswahili kilikwisha kulisema hili: kupanda ni jambo moja, na kuendesha, yaani kuifanya iende, ni jingine. Aipandaye akaogopa mwendo ndiye aangukaye mapema.

Basi kiti kishushwe hadi nyayo ziguse ardhi, pedali zifunguliwe, naye ajisukume kwa miguu penye tambarare pasipo watazamaji. Ile hila ya kumshikia kiti kisha kumwachia kimyakimya, isifiwayo na wengi, haimfai mtoto huyu. Atakachojifunza ni kutomwamini aliyemshika. Aambiwe anaachiwa lini. Pedali zirudishwe atakapoziomba mwenyewe.