Grundig ya babu si Grundig ya leo

Huenda kwenu Mutomo au Kibwezi ingalipo Grundig ya babu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kabla stima haijafika vijijini Kitui na Makueni, redio kama hiyo ilikuwa mali. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo za taarifa ya habari na matangazo ya vifo.

Mwenye jina hilo alikuwa Max Grundig, muuza redio wa mji wa Fürth, Ujerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, huko redio haikununuliwa bila kibali. Mwaka 1946 Max akapata ujanja: akauza vipande vya redio bila valvu, kana kwamba ni kichezeo, na mnunuzi akajiundia nyumbani. Miaka michache baadaye kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya redio Ulaya.

Kisha bidhaa za Japani zikambana. Mwaka 1984 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilishika usukani. Max alifariki mwaka 1989, na mwaka 2003 kampuni ikafilisika. Leo jina hilo ni mali ya Beko ya Uturuki, nalo hubandikwa hata kwenye friji na mashine za kufulia.

Kwa hivyo ukiliona dukani Wote au Mwingi, usitoe pesa kwa kumkumbuka babu. Huenda chombo hicho ni kizuri, lakini kipime chenyewe. Uliza dhamana ni ya muda gani, vipuri vinapatikana wapi, na ni fundi gani wa karibu anayekijua.

Ile ya babu nayo usiitupe. Ukiona herufi UKW, hiyo ndiyo FM kwa Kijerumani; KW ni masafa mafupi. Tazama namba za UKW zinaishia wapi. Nyingi za kale hukomea 100 au 104, nazo stesheni za leo hufika hadi 108. Ikifika huko, mpelekee fundi aikague. Huenda nyanya akasikiliza Musyi FM kwa Kikamba chake.

Wahenga walisema chema chajiuza. Siku hizi jina tupu nalo hujiuza. Mwenye kuchunguza kama chema bado kimo ndani ni wewe.