Baiskeli Hainywi Esansi, Anayeikanyaga Anakula

Ukisimama kwenye parkingi yoyote ya toleka, yaani teksi za baiskeli, mjini Kisangani, iwe Makiso, Mangobo au Kabondo, hutakaa sana kabla ya kusikia maneno haya: “Yaya, punguza bei, baiskeli hainywi esansi.” Anayasema mama mwenye gunia la mihogo, anayasema mwanafunzi wa chuo kikuu, na mkubwa wa ofisi pia. Yamesemwa mara nyingi hata baadhi ya watoleka wenyewe wameyaamini. Mimi nayakataa. Imani hii kwamba baiskeli haina gharama ni ya uongo, na kila siku inamnyang’anya mtu jasho lake mchana kweupe.

Tuanze na gharama. Kinachosukuma toleka ni mapaja ya mtu, na mapaja hayaendi bila chakula. Kisangani iko karibu kabisa na Ikweta. Joto halina msimu wa kupumzika, na kwa mwaka mji hupata zaidi ya milimita 1,700 za mvua, kwa hiyo barabara nyingi za mitaa hazikauki matope. Kumbeba mtu mzima na mzigo wake katika hali hiyo kutwa nzima kunataka sahani kubwa ya lituma (ndizi zilizopondwa) au wali, maharage, samaki akipatikana, na maji mengi. Bei ya vitu hivyo sokoni hupanda kama inavyopanda bei ya esansi. Ongeza tairi zinazoisha, mnyororo unaokatika, breki, mto wa kiti cha nyuma, na sabuni ya kufulia shati linalolowa kila siku. Tena wapo wasiomiliki baiskeli wanazoziendesha: jioni ikifika, mwenye baiskeli anataka fedha yake, siku iwe imekuwa nzuri au mbaya.

Sasa tupige hesabu. Tuseme nusu ya anachopata toleka inakwenda kwa mwenye baiskeli, chakula cha njiani na fundi, na nusu inayobaki ndiyo ya nyumbani. Abiria wote wakimkata robo ya bei, gharama zake hazipungui hata faranga moja. Robo hiyo yote inatoka katika ile nusu ya watoto. Punguzo ambalo abiria analiona dogo limekula nusu ya chakula cha familia. Akitaka kurudisha kiasi kilekile cha fedha, lazima afanye safari nne pale alipofanya tatu, na safari ya nne nayo inataka chakula chake.

Kuna gharama nyingine ambayo abiria haioni kwa sababu yeye hayupo inapolipwa. Dakika 10 za safari ni sehemu ndogo ya kazi. Kuna saa za kungoja juani, kuna kurudi mtupu kutoka upande wa uwanja wa ndege wa Bangboka, kuna siku za malaria. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mwajiriwa saa zisizozidi 45 kwa wiki na likizo yenye malipo. Amri ya mwaka 2018 iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa faranga 7,075 kwa siku, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa. Hayo yote ni ya mwenye mkataba wa kazi. Anayejitegemea hana wa kumlipa likizo wala ugonjwa, kwa hiyo bei ya kila safari lazima ibebe saa za kungoja na siku za kulala kitandani. Isipozibeba, anazilipa kwa mwili wake.

Watu hunijibu: “Lakini yeye mwenyewe amekubali, bei ni maelewano.” Amekubali kwa sababu jua linazama na mwenye baiskeli anangoja. Kukubali kwa mtu aliyebanwa hakuthibitishi kwamba bei ni ya haki. Na watu hao hao wakiagiza chupa ya bia ya Primus hulipa bei waliyotajiwa. Wakinunua yuniti za simu, hawabishani. Wanambana yule ambaye hana kampuni nyuma yake.

Jibu la pili lina uzito zaidi: abiria naye ni maskini. Ni kweli. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa hana cha kutupa. Lakini umaskini wa abiria si deni la toleka. Watoleka wamekwisha kuubebea mji huu mengi. Vita vilipoanza mwaka 1998 na Mto Kongo ukafungwa kwa biashara ya Kinshasa, baiskeli zilileta chakula na mafuta ya mawese kutoka vijijini, na zikarudi na chumvi na sabuni. Mji ulikula kwa miguu ya watu hawa. Leo tunawaambia miguu hiyo haina gharama?

Sisemi watu waache kupatana bei. Nasema anayetaka punguzo atoe kitu. Mteja wa kila asubuhi anastahili bei nafuu, kwa sababu anampunguzia toleka saa za kungoja. Anayekwenda na kurudi anastahili pia, kwa sababu anaondoa safari tupu. Anayekubali kushuka kwenye lami badala ya kuingizwa kwenye matope anapunguza kazi, basi apunguziwe bei. Asiyetoa lolote kati ya hayo anaomba zawadi, na zawadi haiamrishwi.

Na ninyi watoleka, tajeni bei kabla abiria hajakaa, pamoja na mzigo, mvua na usiku. Jueni kiwango ambacho chini yake safari ni hasara, na mkitajiwa chini yake semeni hapana. Wa parkingi moja wakubaliane kiwango hicho, kwa sababu anayekata bei leo ili amnyang’anye mwenzake abiria, kesho atakatwa yeye. Viongozi wa mji nao wana kazi. Esansi ikipanda, hukaa na wenye magari kuzungumza bei mpya. Mchele na ndizi vikipanda, wakae vilevile na watoleka, kisha bei za kutoka mtaa hadi mtaa zibandikwe pale parkingi zisomwe na kila abiria.

Mpaka hapo, wewe unayepanda kesho asubuhi, uliza bei, toa sababu ya punguzo kama unayo, na kama huna, lipa ulichoambiwa.