MAWIMBI YA HEWA NI MALI YA NANI?

Mawimbi yachukuayo sauti ya simu hayakuumbwa na kampuni yo yote. Ni mali ya umma. Lakini katika nchi nyingi masafa hayo hupigwa mnada kwa maeneo makubwa, kwa bei isiyofikiwa na kijiji.

Tutazame Talea de Castro, kijiji cha Wazapoteki katika milima ya Oaxaca, nchini Meksiko. Makampuni makubwa yalikataa kuweka mnara huko: watu wachache, faida ndogo. Mwaka 2013 wanakijiji, wakisaidiwa na shirika la Rhizomatica, walisimamisha mnara wao wenyewe. Mtambo wao mdogo uliendeshwa kwa programu huria, yaani programu ambayo kila mtu ana ruhusa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Mzee akaweza kuzungumza na mwanawe aliyekwenda Marekani kwa gharama ndogo.

Basi ufundi haukuwa taabu. Taabu ilikuwa sheria. Kwanza kilitolewa kibali cha majaribio tu. Sheria ya mwaka 2014 ikafungua mlango, na mwaka 2016 chama cha jamii hizo, TIC, kikapata leseni ya miaka 15 katika majimbo 5. Kumbe furaha ilikuwa fupi! Wakaletewa madai ya kulipia masafa, yapata peso milioni 1, kana kwamba ni matajiri wa biashara; nao wanachama wao walikuwa wakitoa peso 40 kwa mwezi! Wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikawapa haki yao.

Wako watakaosema kwamba masafa yakigawiwa ovyo, mitambo itaingiliana. Ni kweli, na ndiyo maana hao walitaka leseni. Lakini masafa yanayolala bure juu ya kijiji kisicho na mnara yanamfaa nani?

Kumpa maskini leseni kwa mkono wa kulia, na kumtoza ada ya tajiri kwa mkono wa kushoto, si haki. Twasema sheria itenge masafa kwa vijiji vilivyoachwa, ada ipimwe kwa uwezo, na maombi yajibiwe upesi. Ndugu wanachama, mwulizeni kila mbunge ajaye kuomba kura: katika jambo hili yuko upande gani?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.