Wahadhiri wa uuguzi wanastahili heshima ya usomi wao

MTAZAMO WA WIKI
Na Eliapenda Mbwambo

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wetu husifiwa kwa jambo moja tu: moyo. Mishumaa huwashwa, kiapo hurudiwa, mgeni rasmi hueleza walivyo na huruma na wanavyokesha na wagonjwa, kisha mfanyakazi bora hupewa cheti na bahasha. Wanastahili yote hayo. Lakini katika hotuba nyingi nilizozisikiliza, sikumbuki hata moja iliyomtaja muuguzi kwa sababu ya jambo alilolichunguza akalifahamu kabla yetu. Wanaowafundisha wauguzi hao, wenye shahada za uzamivu na tafiti zinazosomwa nje ya nchi, hawatajwi kabisa.

Naandika nikiifikiria Myamba, huku Upare Kusini, mahali panapojulikana kwa tangawizi yake. Mama wa Myamba anayeteremka na mtoto mgongoni kwenda kliniki hamjui mhadhiri yeyote wa Muhimbili. Hata hivyo, wako wahadhiri waliotumia miaka yao kuyachunguza maisha yanayofanana na yake.

Sebalda Leshabari ni mmoja wao, muuguzi mkunga na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Katikati ya miaka ya 2000 alifanya utafiti huku kaskazini kuhusu swali lililokuwa likiwatesa akina mama wenye VVU: nimnyonyeshe mtoto au nisimnyonyeshe? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wakati huo ulimwachia mama achague. Anyonyeshe maziwa yake pekee, au atumie maziwa mbadala, ilimradi yawe yanakubalika, yanawezekana, yanamudika, ni endelevu na ni salama. Masharti matano, na kwenye karatasi yanasomeka vizuri.

Sasa yapandishe mlimani. Maziwa ya ng'ombe yanataka kuchemshwa kila mtoto anapolia, hata saa nane za usiku, na kuni zimelowa. Kikombe kinataka maji yaliyochemka. Mama asiyenyonyesha anaishi na mama mkwe, na mama mkwe hatamaliza siku bila kuuliza kulikoni. Akiamua kunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita, bibi huyohuyo atashangaa mbona mjukuu hapewi maji wala uji. Kila njia ina mtu wa kuhoji, na jibu la kweli linatoa siri ya mama hadharani.

Leshabari na wenzake waliwasikiliza pia wauguzi washauri katika hospitali za kaskazini. Makala yao ya mwaka 2007 katika jarida la Human Resources for Health ilieleza walichokikuta: wauguzi waliozidiwa na kazi, waliopata mafunzo haba, wasio na uhakika na ushauri waliotakiwa kuutoa. Mwaka 2006 walikuwa tayari wamechapisha namna walivyoandaa vitendea kazi vya ushauri vinavyoendana na mila na maisha ya watu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Mwongozo wa dunia ulibadilika mwaka 2010, dawa za kufubaza virusi zikampa mama nafasi ya kunyonyesha kwa usalama zaidi. Lakini lile suala la mama mkwe na kuni bado lipo katika kila ushauri unaotolewa kliniki, na naamini anayeliona mapema ni mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza akiwa muuguzi.

Mwenzake wa Muhimbili, Lilian Mselle, aliwasikiliza wanawake wenye fistula. Katika makala ya mwaka 2011, yeye na wenzake walionyesha kwamba jeraha la uzazi haliishii kwenye mkojo unaovuja: mwanamke hupoteza nafasi yake ya mke, ushirika na majirani, na heshima yake mwenyewe. Hayo hayaonekani kwa kipimo chochote cha maabara.

Tuzo tunazo. Mwaka 2022 muuguzi wa Kenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit, alishinda tuzo ya Aster Guardians ya dola 250,000 kwa kazi yake kijijini, na Afrika Mashariki nzima ikafurahi. Serikali yetu nayo, kupitia Wizara ya Elimu chini ya Profesa Adolf Mkenda, ilianza kuwapa fedha watafiti wanaochapisha kwenye majarida yenye hadhi kubwa. Naiunga mkono hatua hiyo. Wasiwasi wangu ni kipimo. Ukipima kwa hadhi ya jarida, utafiti wa uuguzi, ambao mara nyingi ni wa kukaa na watu na kuwasikiliza, utabaki nyuma hata kama umebadilisha namna muuguzi anavyozungumza na mama.

Na kuna walio nyuma zaidi. Muuguzi wa zahanati zetu kwa kawaida amesoma astashahada au stashahada katika chuo cha kati. Mkufunzi wake hufundisha darasani asubuhi, mchana yuko wodini na wanafunzi, jioni anasahihisha. Akigundua jambo, hana wa kumwomba muda wala fedha za kuliandika.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Same na Mganga Mkuu wa Wilaya ni hili: Mei 12 ijayo, mwalikeni mhadhiri mmoja wa uuguzi kutoka Moshi au Dar es Salaam. Mpeni saa nzima aeleze utafiti wake kwa Kiswahili mbele ya wauguzi wa Myamba, Vunta, Mtii na Bwambo, nao wamuulize, wampinge pale wanapoona mambo ni tofauti huku juu. Chama cha Wauguzi nacho kiweke tuzo ya utafiti kando ya ile ya mfanyakazi bora, na wakufunzi wa vyuo vya kati waruhusiwe kuishindania. Vyuo vikuu vidai muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili kwa kila utafiti uliofanywa vijijini, urudishwe kwenye zahanati zilizohusika, na jina la mtafiti liandikwe juu.