Mtu wa Nyaya Akitaka Kiti cha Bunge

Wanachama wenzetu, yako maneno yanayorudiwa kila jioni barazani hapa Mikindani, nayo ni haya: ya kuwa mtu aliyepata kufanya kazi katika Shirika la Umeme au katika Shirika la Petroli hafai kuwa mbunge wala waziri, maana huyo ni mtu wa kampuni, na moyo wake umekwisha fungwa huko. Wengine hushika upande wa pili, wakasema kwamba mambo ya umeme na gesi hayafahamiki ila kwa watu wa kazi ile, na kwa hiyo wao peke yao ndio wapewe madaraka yake. Tumeyasikia ya pande zote mbili mpaka masikio yamechoka. Na kwa kuwa karatasi hii husomwa na makarani na watumishi, watu wanaojua maana ya kuandika daftari na kulitunza, tumeona vema kuyapima maneno haya kwa mifano ya watu waliokuwako kweli, si kwa makelele.

Wala jambo hili si la mbali nasi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Kiitaliano, AGIP, ile ile iliyoiona gesi ya Songo Songo mwaka 1974. Ikakaa chini ya ardhi miaka ishirini na zaidi pasipo mtu kuitumia, hata mwaka 2007 mitambo ya umeme ya Mtwara ikaanza kuzungushwa kwa gesi itokayo Msimbati. Kisha likaja bomba kubwa la kuipeleka gesi Dar es Salaam, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kufunguliwa Oktoba 2015. Kabla ya kufunguliwa kwake yalitokea mambo tuyakumbukayo sote: maandamano ya tarehe 27 Desemba 2012, fujo za Januari 2013, kuja kwake Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda, kusema na wazee, na siku ile ya tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa Bungeni, watu wakapoteza maisha na majengo yakachomwa moto. Hatuyataji ili kuyafukua. Twayataja ili msomaji wa mbali aelewe kwamba hapa kwetu, atajwapo waziri wa nishati, hatuulizi kwa udadisi tu kwamba huyo ni nani na alitoka wapi.

Mfano ulio karibu kupita yote kwa mtu wa namna hii uko Uganda. Bibi Irene Muloni alisoma uinjinia wa umeme katika Makerere, akafanya kazi katika Bodi ya Umeme ya Uganda, ile iliyoundwa mwaka 1948. Bodi hiyo ikavunjwa mwaka 2001 na kugawanywa mafungu matatu, moja la kuzalisha umeme, la pili la kuusafirisha, na la tatu la kuugawa majumbani. Hilo la tatu, liitwalo UEDCL kwa kifupi, ndilo aliloliongoza Bibi Muloni kama mkurugenzi wake. Mwaka 2011 akachaguliwa kuwa mbunge wa wanawake wa Bulambuli, na mwaka ule ule akafanywa Waziri wa Nishati na Madini, akakaa katika kiti hicho mpaka Desemba 2019. Miaka minane na zaidi, nadhiri ndefu kwa waziri wa nishati katika nchi zetu hizi, ambako kiti hicho huwaka moto upesi.

Sasa tazameni jambo lenyewe. Mwaka 2005 kazi ya kugawa umeme Uganda ilikodishwa kwa kampuni ya watu binafsi kwa miaka 20. Kampuni hiyo huitwa Umeme, nasi twaiandika kwa herufi kubwa ili msomaji asipotee. UEDCL ikabaki kuwa kama mwenye nyumba, nguzo na nyaya ni zake, na Umeme ikawa mpangaji. Basi Bibi Muloni, kabla ya kuwa waziri, alikuwa ndiye msimamizi wa nyumba iliyopangishwa. Alijua vifungu vya mkataba, alijua mpangaji ameongeza nini na amevunja nini. Watu wa Uganda walikuwa wakiuchukia mkataba huo sana kwa sababu ya bei, na mwaka 2014 Bunge lao likapitisha azimio la kutaka uvunjwe. Serikali haikuuvunja. Wako waliosema kwamba haya ndiyo matunda ya kumpa uwaziri mtu wa nyaya: atawatetea wenzake wa nyaya.

Sisi twaona vingine. Mtu aliyewahi kutunza mkataba ajua gharama ya kuuvunja, na asiyewahi kuutunza huona ni karatasi tu. Umeme ilipoanza kazi, zaidi ya theluthi moja ya nguvu zote ilikuwa ikipotea njiani, nyingine kwa nyaya mbovu na nyingine kwa wizi. Miaka ya mwisho upotevu ulishuka ukawa chini ya sehemu moja katika tano. Na mkataba ulipokwisha wenyewe, tarehe 31 Machi 2025, serikali ya Uganda ilibidi kuilipa Umeme dola milioni 118 kwa mali iliyokuwa haijarudisha gharama zake, na Umeme ikadai kwamba hazitoshi. Ikiwa hiyo ndiyo bei ya kuachana kwa salama baada ya miaka 20, nani awezaye kutuambia kwamba kuachana kwa ugomvi katikati ya safari kungalikuwa rahisi? Tarehe 1 Aprili 2025 nguzo na nyaya zikarudi kwa UEDCL, shirika lile lile alilokuwa akiliongoza yule bibi.

Walakini hatumsifu mtu kupita kiasi. Katika wakati wake yalijengwa mabwawa mawili makubwa juu ya mto Nile, Isimba la megawati 183, lililofunguliwa Machi 2019, na Karuma la megawati 600, lililoanza kujengwa mwaka 2013. Karuma lilichelewa sana, hata halikuzinduliwa mpaka Septemba 2024, na malalamiko ya nyufa na kazi mbovu yalisikika tangu mapema. Injinia alikuwa waziri, na nyufa zikatokea vile vile. Elimu ya kazi haikai zege badala ya msimamizi.

Kwa Kenya tutasema machache. Hayati Raila Odinga, kabla ya siasa kummeza, alikuwa mtu wa ufundi, na mwaka 1971 alianzisha kampuni iliyokuja kutengeneza mitungi ya gesi ya kupikia. Mwaka 2001 akafanywa Waziri wa Nishati katika serikali ya Rais Moi, akakaa mpaka 2002. Hatusemi hata chembe kwamba alitumia kiti kwa faida ya mitungi. Twasema tu kwamba mwananchi anunuaye mtungi dukani ana haki ya kujua kama yule anayetunga sheria za mitungi ana duka lake pia, na haki hiyo haimwondolei waziri heshima yake.

Tena Wamarekani waliujaribu mchezo huu mkubwa zaidi, wakati baba zetu walipokuwa wakipakia mkonge bandarini. Wendell Willkie alikuwa mwanasheria, na mwaka 1933 akawa rais wa kampuni kubwa ya umeme, Commonwealth and Southern. Serikali ya Franklin Roosevelt ilipounda shirika lake katika bonde la Tennessee ili kuuza umeme kwa bei nafuu, Willkie akapigana nalo miaka mingi, mwisho mwaka 1939 akaliuzia mali ya kampuni yake ya Tennessee kwa dola milioni 78 na kitu. Mwaka uliofuata akasimama kuwania urais wa nchi. Alikuwa msemaji hodari, na mamilioni wakampa kura, ila alishindwa. Zipo sababu nyingi za kushindwa kwake, na vita ya Ulaya ilikuwa mojawapo. Moja sisi hatuwezi kuisahau: katikati ya miaka ile ya 1930, katika mashamba kumi ya Marekani, ni moja tu hivi lililokuwa na umeme, maana makampuni yalisema kuwa kupeleka nguzo kwa mkulima hakulipi. Mkulima aliyekaa gizani hesabu ile ya kampuni aliijua kwa upande wake yeye.

Hesabu hiyo ndiyo iliyo na uzito hapa Mikindani. Kwa mtu wa kampuni, mji ni mita ngapi, nguzo ngapi, hasara kiasi gani. Si dhambi, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Lakini mbunge ameajiriwa kazi nyingine.

Na nchini mwetu je? Wabunge wetu waliotoka moja kwa moja katika nyaya si wengi wanaojulikana, na hilo lenyewe latushangaza. Profesa Mark Mwandosya aliufundisha uinjinia wa umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa kamishna wa nishati na katibu mkuu wa wizara, ndipo akaingia Bungeni mwaka 2000. Lakini alipopewa uwaziri, alipewa mawasiliano na uchukuzi. Bwana Jakaya Kikwete alikwenda njia ya kinyume, mwanasiasa kwanza, akafundishwa kazi ya nishati katika wizara tangu 1988 mpaka 1994, na miaka zaidi ya ishirini baadaye ndiye aliyelifungua bomba letu kama Rais. Profesa Sospeter Muhongo, aliyekuwa waziri siku zile za 2013, ni bingwa wa elimu ya miamba, na hakuna aliyeweza kumpinga kuhusu miamba. Fujo za Mtwara hazikuwa juu ya miamba. Zilikuwa juu ya mtu mzima aliyesikia maneno ya viwanda na ajira, halafu akasikia bomba linakwenda Dar es Salaam, na asipewe mtu wa kumweleza kwa taratibu kilichobadilika na kilichobaki.

Kwa upande wa pili, wanaodhani kwamba mwanasiasa mtupu atatuokoa na wakumbuke mkataba wa Richmond. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikakaa gizani, serikali ikaingia mkataba wa kuletewa mitambo ya dharura ya megawati 100 na kampuni isiyokuwa na uwezo wa kuileta. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dr. Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Yeye alikana makosa mpaka mwisho. Neno letu si juu yake. Neno letu ni kwamba karani yeyote wa ghala, mwenye kupokea mashine na kutia sahihi, angaliuliza maswali mawili kabla ya sahihi: mashine ziko wapi, na nani amekwisha kuziona? Baraza lenye watu wachache waliozoea kuuliza hivyo lingalitupunguzia gharama nyingi.

Kwa hiyo tumekwisha amua upande wetu. Mtu wa umeme na aingie. Mtu wa gesi na aingie. Ila aingie mlangoni, na mlango wa nyuma aufunge. Katiba ya Uganda, kifungu cha 80, yamtaka mtumishi wa serikali au wa shirika lenye mkono wa serikali, akitaka ubunge, aache kazi siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Twaona ni desturi njema, na afadhali kuliko likizo, maana mtu aliye likizoni angali na ufunguo wa kabati. Tena tungependa kanuni ya kumzuia asirudi kampunini upesi baada ya kiti. Ujerumani, Gerhard Schröder aliacha ukansela mwaka 2005, na kabla majani hayajapukutika sawasawa akapokea cheo katika kampuni ya bomba la gesi ya Urusi, bomba alilolitetea akiwa kansela. Watu wake hawakumsamehe.

Wenzetu wengine watasema kwamba masharti haya yatawakimbiza watu wazuri. Labda baadhi. Lakini injinia aliyekwisha panda nguzo usiku wa mvua hatishwi na siku 90 pasipo mshahara kuliko karani mwenye watoto watano, na makarani wetu hawakuacha kuwania kwa sababu hiyo.

Na huyo atakayekuja kuomba kura zetu, tumwulize mambo ya daftari. Sheria yazipa halmashauri ushuru wa huduma juu ya mapato ya biashara, na gesi imo. Msimbati na Madimba, ziliko visima na mtambo wa kusafishia, zimo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Sisi wa Mikindani tumo katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na bomba halikutupitia mfukoni. Mgombea aliyetoka kazini kwa gesi ajua ushuru huo huhesabiwa juu ya bei ipi, ya kisimani au ya Dar es Salaam, na hulipwa katika afisi ya mji gani. Atufafanulie hayo kwa Kiswahili cha kueleweka, mbele ya watu, kabla hajaanza kutuambia habari za viwanda.

Mwenye kutaka kuandika maswali mengine na ayalete kwa Katibu, yaandikwe upande mmoja wa karatasi, ili yapigwe chapa pamoja katika toleo lijalo.