Tuyaite masega

Magari madogo tunayopanda kati ya Kavimvira na Kalundu, mengi yalitumika kwanza Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, ndipo yakatufikia. Yalipotoka kiwandani yalikuwa na kifaa kwenye bomba la moshi, karibu na injini. Leo si yote ambayo bado yanacho. Gari likikosa nguvu, fundi humwambia mwenyewe: “Kile kitu kimeziba, tukitoe.” Mwenye gari hukubali, maana ni vigumu kubishania kitu usichokijua hata jina. Naona sehemu ya lawama hapo ni yetu sisi watu wa lugha.

Kifaa chenyewe si fumbo. Ndani ya kopo la chuma mna kauri yenye vijitundu vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kifaa kikishapata joto la nyuzi 300 hivi, kaboni monoksidi na mabaki ya petroli isiyoungua hugeuka humo kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na oksidi za nitrojeni hugeuka nitrojeni ya kawaida. Madini hayo huchochea mabadiliko bila yenyewe kuungua kama mafuta. Ndiyo maana kifaa kikuukuu bado kina bei, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo vizuri.

Tukiiga Kifaransa, pot catalytique, tutapata “chungu kichocheo”, na wasomaji watatafuta jiko. Wengine watapendekeza “kigeuzi kichocheo”. Ni jina sahihi kikemia, lakini “kichocheo” hutumika pia kwa homoni za mwili, na sijawahi kulisikia chini ya gari. Wakati huohuo mafundi wa Tanzania wamekwisha kulimaliza suala: wanayaita masega.

Najua pingamizi. Mhadhiri atasema hilo ni neno la mtaani, na kwamba sega ni la nyuki. Lakini Kiswahili hakikuona haya kuyapa magari “tairi”, neno la kukopa, wala “usukani”, neno la chomboni lililohamia nchi kavu. Anayesoma “masega ya gari” hatatafuta asali. Zaidi ya hayo, jina hili linafundisha. Ukisikia masega unaelewa kwa nini yanaziba: vijitundu ni vyembamba, na injini inayounguza oili huvijaza uchafu. Unaelewa pia kwamba kopo lililotobolewa likabaki tupu si masega tena, hata kama kwa nje linaonekana zima.

Hapo mwenye gari anapata la kuuliza: “Masega yameziba kwa sababu gani? Ukiyatoa, injini itaacha kula oili? Nani atayachukua?” Kuyatoa hakuponyi injini mbovu, kunaondoa tu kizuizi na kuacha moshi utoke kama ulivyo. Na Uvira ni mji uliobanwa kati ya milima na ziwa, wenye barabara kuu inayopita katikati ya watu. Mama anayeuza ndagala kando ya barabara hana gari, lakini moshi huo ni wake.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Heshima hiyo inabaki karatasini ikiwa lugha hiyo haiwezi kumlinda mtu garajini. Napendekeza wanafunzi wa mwaka wa mwisho waende kwa mafundi wa Uvira, wakusanye majina ya sehemu za gari yanayotumika kweli, yawe ya Kifaransa kilichoswahilishwa au ya Kiswahili tupu, kisha wayalinganishe na yale ya Kigoma na Bujumbura. Pale fundi wa upande mmoja ana jina na wa upande mwingine anasema “kile kitu”, tuazime. Kazi yetu kitivoni iwe kuyaandika, kuyaeleza na kuyasambaza, kabla hatujakaa mezani kutunga mengine.

Kwa kifaa hiki jina lipo tayari. Tuanze kulitumia, darasani na garajini.